Pengo la Mshahara Linakokaa

Muulize mwajiri yeyote wa Dar es Salaam au Mwanza kama analipa wanaume zaidi ya wanawake. Atakujibu hapana, na mara nyingi atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyolielewa swali. Ngazi za mishahara zimeandikwa, mtunza stoo ni mtunza stoo, mhasibu ni mhasibu. Ila waite watunza stoo wawili wa ngazi moja, mwanamke na mwanaume, waweke mezani fedha yote waliyoipata mwezi uliopita. Hapo hesabu inabadilika. Mshahara wa msingi umelingana mpaka senti, na kipato kimepishana vibaya.

Tunaandika kwa ajili ya anayetaka kuipima tofauti hiyo kwa namba: afisa utumishi, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mfanyakazi mwenyewe. Vifungu tunavyotaja ni vya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, hivyo aliyeko Unguja au Pemba aangalie ya kwake.

Anza na saa, usianze na mwezi

Kosa la kwanza ni kulinganisha mishahara ya mwezi ya watu ambao saa zao hazilingani. Geuza kila kitu kiwe kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na jedwali lake linaelekeza namna ya kugeuza: mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa za wiki. Kwa anayefanya saa 45, kigawanyo ni 195. Kwa anayefanya saa 40, ni 173.3.

Maofisi mengi hayafanyi hivyo. Hugawanya kwa siku 30, halafu kwa saa 8, na kigawanyo kinakuwa 240. Mshahara wa 650,000 ukigawanywa kwa 195 unatoa shilingi 3,333 kwa saa, na saa ya ziada, ambayo sheria inataka ilipwe si chini ya mara moja na nusu, inakuwa 5,000. Ukigawanya kwa 240 unapata 2,708, na saa ya ziada inashuka hadi 4,063. Mfanyakazi anapoteza shilingi 937 kila saa ya ovataimu bila mtu kumwambia, awe mwanamke au mwanaume. Rekebisha hilo kabla ya kulinganisha watu, la sivyo utakuwa unapima kwa kipimo kibovu.

Sasa turudi kwa watunza stoo wetu. Ni mfano, lakini aliyewahi kukaa na orodha ya mishahara atautambua. Wote wawili wana msingi wa 650,000. Mwanaume ana saa 20 za ziada, yaani 100,000. Saa 60 kati ya saa zake zimeangukia usiku, na nyongeza ya usiku, ambayo kisheria haipungui asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, inampa 10,000. Amesafiri kupeleka mzigo mikoani, usiku nne, kwa posho ya 80,000 kwa usiku. Gesti 30,000, chakula 15,000, kila usiku kinabaki 35,000, jumla 140,000. Amemaliza mwezi na 900,000 kabla ya makato. Mwanamke hana ovataimu, hana usiku, hana safari. Ana 650,000.

Msingi kwa msingi, pengo ni sifuri. Kipato kwa kipato, ni 250,000 kati ya 900,000, sawa na asilimia 28.

Mtu wa haki atauliza: si amefanya kazi zaidi? Amefanya. Ndiyo maana tunarudi kwenye saa. Ukiacha posho ya safari, mwanaume ana 760,000 kwa saa 215, yaani 3,535 kwa saa. Hapo pengo ni chini kidogo ya asilimia 6. Ukiingiza ile 140,000 iliyobaki safarini, saa yake inafika 4,186 na pengo linakuwa asilimia 20, ijapokuwa saa za barabarani hazikuhesabiwa. Namba zote tatu ni sahihi na zote zitajwe. Asilimia 28 inaonesha nani anaweza kulipa ada ya shule. Asilimia 6 inaonesha bei ya saa zilizoandikwa. Asilimia 20 inaonesha uzito wa posho, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo inayofichwa kuliko zote, kwa sababu katika ofisi nyingi posho ya safari hailipwi kupitia orodha ya mishahara. Inalipwa kwa vocha, na vocha ziko kwenye faili jingine kabisa. Anayepima bila kufungua faili la vocha atatangaza kwamba ofisi haina pengo.

Swali linalofuata ni nani anagawa hizo saa na hizo safari, na kwa utaratibu gani. Mara nyingi hakuna utaratibu. Saa 11 jioni lori limeingia, msimamizi anamshika aliye karibu, na aliye karibu ni yule asiye na mtoto wa kwenda kumchukua. Safari inapangwa asubuhi ya kuondoka, kwa simu. Kuna pia huruma inayoumiza: sheria imezuia kazi za usiku kwa mjamzito katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua na kwa mama katika miezi miwili baada ya kujifungua, na zaidi ya hapo kwa kigezo cha cheti cha daktari. Msimamizi anaichukua kinga hiyo ya muda na kuinyoosha imfunike kila mwanamke, mwaka mzima, hata mwenye watoto waliomaliza kidato cha sita. Anadhani amewatendea wema. Amewaondolea fedha.

Tiba yake haina gharama kubwa. Bandika ratiba ya ovataimu na safari wiki mbili kabla, kila mtu aandike zamu anazozitaka na anazozikataa, na kila mwezi hesabu saa na usiku wa safari kwa jinsia. Aliyekataa aonekane amekataa. Asiyeulizwa aonekane hakuulizwa.

Wastani, mediani, na wafagizi waliotolewa nje

Ofisi ya watu 12. Wanaume saba wanapata, kwa maelfu: 6,000, 900, 900, 650, 650, 500 na 500. Huyo wa kwanza ni mkurugenzi. Wanawake watano: 900, 650, 650, 500 na 400. Wastani wa wanaume ni takribani 1,443,000, wa wanawake ni 620,000. Pengo ni asilimia 57. Sasa chukua mediani, yaani mshahara wa anayesimama katikati mkiwapanga kwa mstari kutoka chini hadi juu. Kwa wanaume ni 650,000. Kwa wanawake ni 650,000. Pengo ni sifuri.

Atakayetaka kutisha atachukua 57, atakayetaka kutuliza atachukua 0. Zichukue zote mbili. Wastani unakuonesha nani amekaa kwenye kiti cha juu, mediani inakuonesha hali ya mfanyakazi wa kawaida. Mwondoe mkurugenzi peke yake na pengo la wastani linaporomoka hadi kama asilimia 9, kwa hiyo karibu habari yote ya ile 57 ilikuwa kiti kimoja. Uingereza, ambako tangu 2017 waajiri wenye watu 250 au zaidi wanalazimika kutangaza pengo kila mwaka, sheria inadai wastani na mediani pamoja, na juu yake mgawanyo wa jinsia katika kila robo ya ngazi za malipo. Robo hizo zinafaa kuigwa hata bila sheria: panga watu wote kutoka anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, kata mafungu manne, hesabu wanawake katika kila fungu.

Lakini kuna watu hawakuonekana kwenye ile orodha ya 12. Ni nani anayefagia ofisi hiyo? Wako watatu, wanawake, kila mmoja 300,000, na wamewekwa chini ya kampuni ya usafi. Warudishe kwenye hesabu. Wanawake sasa ni wanane, mediani yao inashuka hadi 450,000, na pengo la mediani linaruka kutoka sifuri hadi asilimia 31. Hakuna mshahara uliobadilika, ni orodha tu. Ofisi inapowatoa wafagizi, wapishi na wapokea wageni kwenda kwa wakala, takwimu yake ya usawa inapendeza kwa siku moja, na maisha ya wanawake hao yanabaki palepale au yanazidi kuwa magumu. Ukisoma ripoti yoyote ya pengo, uliza kwanza nani ameachwa nje.

Hilo lina sura ya kitaifa pia. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kimegawanywa kwa sekta. Amri iliyoanza kutumika 1 Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 500,000 kwa anayeajiriwa na mwenye leseni ya uchimbaji na utafutaji wa madini. Amri mpya imepandisha viwango kuanzia 1 Januari 2026, lakini mpango wa kugawa kwa sekta umebaki. Dada wa kazi anaamka kabla ya wote na analala baada ya wote. Hata ukiongeza thamani ya chumba na chakula, ukigawa kwa saa zake halisi badala ya 195 unapata kiasi kinachotia aibu nchi nzima.

Tofauti ya siku ya kwanza

Wanaoanza kazi moja kwa mishahara tofauti huwa wameachanishwa na swali moja la usaili: "Ulikuwa unalipwa kiasi gani?" Aliyelipwa kidogo kule alikotoka anaendelea kulipwa kidogo huku. Tuseme mmoja ameanza na 700,000, mwingine 600,000, na wote wanapandishwa asilimia 6 kila mwaka. Baada ya miaka kumi wa kwanza yuko kwenye 1,253,600, wa pili 1,074,500. Kwa asilimia pengo halijasogea, bado ni 14.3. Kwa shilingi, 100,000 imekuwa 179,000 kwa mwezi. Nyongeza ya asilimia haiwezi kuziba pengo. Inalibeba kama lilivyo na kulikuza kwa fedha. Anayetaka kuziba atoe nyongeza ya kiasi kimoja kwa wote wa ngazi hiyo, au amsogeze aliye nyuma peke yake. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya 2023 kuhusu uwazi wa malipo, umeamua kumzuia mwajiri kuuliza mshahara wa zamani. Hapa kwetu mwajiri hahitaji kusubiri sheria. Aandike kiwango kwenye tangazo la kazi, basi.

Baada ya siku 84

Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya uchumi ya 2023, alionesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo lililobaki iko kati ya wanaume na wanawake wa taaluma ileile, na kwamba linafunguka anapozaliwa mtoto wa kwanza. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019 ulikuta kipato cha mama kinabaki chini kwa takribani asilimia 20 miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa, na cha baba hakitikisiki.

Sheria yetu inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja, muda usiozidi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, na mabadiliko ya 2025 yamemwangalia mama wa mtoto njiti. Baba ana siku 3. Watu wanabishana kuhusu siku hizo 84 kana kwamba ndizo gharama. Siku hizo zina malipo. Gharama inaanza akirudi: dawati lake lina mtu mwingine, amepangiwa kazi "nyepesi" isiyo na safari, na tathmini ya mwaka inamdai malengo ya miezi kumi na mbili.

Hili la mwisho linarekebishika kwa kikokotoo cha simu. Siku 84 kati ya 365 ni asilimia 23. Afisa mauzo aliyekuwa na lengo la milioni 120 kwa mwaka apimwe kwa milioni 92.4. Akifikisha milioni 95 amevuka lengo, na bonasi anastahili. Bila marekebisho hayo anaonekana amefikia asilimia 79 na anawekwa kwenye kundi la wazembe, na cheo kinampita mwaka huo na huenda na unaofuata.

Kisha pensheni. Kanuni ya mafao inazidisha idadi ya miezi ya kuchangia na wastani wa mishahara bora ya mwishoni. Anayeacha kazi miaka mitatu alee, na mwenzake akachangia miezi 300 mfululizo, amepungukiwa miezi 36, yaani asilimia 12 ya pensheni, hata kama wanastaafu kwa mshahara uleule. Asipofikisha miezi 180 hana sifa ya pensheni ya kila mwezi. Anayefikiria kuacha kazi kwa muda ajue kwanza ana miezi mingapi.

Asiye na slipu ya mshahara

Wengi wa wanaofanya kazi nchini hawana mwajiri, na kwao pengo halipatikani kwenye orodha yoyote. Linapimwa kwa daftari. Mama lishe apikaye sahani 50 kwa siku ana, tuseme, mchele kilo 6 (16,800), unga kilo 4 (6,400), maharage kilo 3 (9,600), nyama kilo 2 (22,000), mafuta, nyanya, vitunguu na chumvi (9,000), mkaa (5,000), msaidizi (6,000), maji (1,200) na ushuru (1,000). Jumla ni 77,000. Anauza sahani 47 kwa 2,000 kila moja, anapata 94,000. Mkononi kinabaki 17,000. Sahani tatu zimekwenda nyumbani kwa watoto, na hizo ni kipato pia, ila zihesabiwe kwa gharama ya kuzipika, 1,540 kila moja, wala siyo kwa bei ya kuuzia. Kipato chake ni 21,620.

Kwa siku 26 ni 562,000 kwa mwezi, na kwenye dodoso la takwimu ataonekana yuko vizuri. Lakini ameamka saa 10 alfajiri, amefunga saa 10 jioni, na saa moja na nusu zaidi imekwenda sokoni. Hizo ni saa 13.5, kila moja 1,601. Kwa mwajiriwa wa saa 45, saa ya bei hiyo ni mshahara wa 312,000. Makosa mawili huharibu hesabu ya aina hii: kuandika mauzo badala ya kinachobaki, na kusahau kazi ya binti yake anayeosha vyombo baada ya shule bila malipo.

Shambani, ripoti ya 2015 ya UN Women, UNDP na Benki ya Dunia ilikuta mavuno kwa eneo katika mashamba yanayosimamiwa na wanawake Tanzania yako chini kwa takribani asilimia 16, na sababu kubwa kabisa ilikuwa upungufu wa nguvukazi ya wanaume wa kaya. Mjane hana wa kumwita alime naye. Mfuko wa mbolea peke yake haumtoshi huyo. Anahitaji fedha ya kukodi vibarua au pawatila wiki ya mvua ya kwanza, kabla mvua hiyo haijapita.

Kwa anayetaka kudai

Tanzania iliridhia mikataba Na. 100 (ujira sawa) na 111 (ubaguzi kazini) ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 2002, na kifungu cha 7 cha sheria ya 2004 kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kumtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Angalia neno ujira. Sheria inalitafsiri kuwa jumla ya malipo yote, ya fedha au ya vitu, yatokanayo na ajira, kwa hiyo kumwonesha mfanyakazi kwamba mshahara wa msingi unafanana hakumalizi madai. Mfanyakazi akijenga shauri la awali, yaani akionesha ushahidi wa kutosha kwamba huenda amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri.

Madai mengi yanaanguka kwa kulinganisha vibaya. Chagua mwenzako mmoja au wawili, linganisha mambo manne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Majina ya vyeo yasikuzuie wala yasikudanganye. Kusanya barua ya ajira, maelezo ya kazi, slipu za miezi 12 na nakala za ratiba za zamu. Mwajiri anaweza kujibu kwa muda wa utumishi au matokeo ya kazi, na hayo ni majibu halali, ilimradi aoneshe kwamba kipimo hichohicho kilitumika kwa wote.

Kisha ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1, ambayo nakala yake unampelekea mwajiri kwanza na uthibitisho wa kuipokea unaambatanisha. Kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi muda ni siku 60. Wa kuachishwa ni siku 30. Usuluhishi wenyewe una siku 30 kabla ya kwenda hatua inayofuata. Siku hizo 60 hazisimami kwa kuwa suala "liko mezani kwa bosi". Andika barua ya malalamiko, gongesha muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, lakini zihesabu siku tangu mgogoro ulipozuka, siyo tangu tarehe ya barua.